Nyumba Namba 47 Bis

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, saa tatu na nusu asubuhi, na kilichoyaharibu ni kopo la rangi nyekundu.

Saa hiyo Papa Bavon alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, karibu na maporomoko ya mto, anasuka mtego wa samaki huku kamba moja ameibana kwa meno. Mguu wa kushoto ameunyoosha. Tangu mwaka jana alipoteleza kwenye miti ya kutegea samaki na goti lake likagonga jiwe, hakuipanda tena miti hiyo juu ya maji. Alisuka vikapu, wapwa zake wakavipeleka, na samaki waliobaki baada ya kugawana walikuwa wa kuonja tu. Ndiyo maana mkewe, Mama Bibiche, alikuwa na mbao kumi na mbili zimeegemea ukuta tangu Krismasi. Alitaka kufungua malewa, kibanda cha kuuzia chakula, kwenye kile kipande cha lopango lao, kiwanja cha nyumba yao, kinachogusa barabara. Samaki wa kuchemsha, pondu ya majani ya muhogo, chikwange ya muhogo uliopondwa, benchi mbili. Nyumba nzima ilikuwa ikikisubiri kibanda hicho kianze kuilisha.

Lakini mahali pa malewa palikuwa na gari. Lilikuwa gari kubwa jeupe, lina kitanda ndani, jiko, sinki, na mapazia yenye maua ya njano. Wenyewe walikuwa mume na mke wazee kutoka nchi inayoitwa Ucheki, Zdeněk na Jitka, ambao majirani waliwaita Papa Deneki na Mama Yitika kwa sababu ulimi una mipaka yake. Walikuwa wameuza nyumba yao ya huko ili wazunguke Afrika na hii ya magurudumu. Walishuka kutoka kaskazini kwa njia ya Banalia, wakavuka mto Aruwimi kwa kivuko, wakahesabu madaraja mabovu hadi wakachoka kuhesabu, na walipofika mbele ya nyumba ya Bavon giaboksi ikafa. Wanaume tisa wakalisukuma gari ndani ya lopango. Hiyo ilikuwa siku kumi na tisa zilizopita. Chuma cha kuitengenezea kilikuwa njiani kutoka Kampala.

“Mugeni hawezi kulala barabarani,” Mama Bibiche alisema siku ile ya kwanza. Akazihamisha mbao zake ukutani upande wa pili, zisipate mvua.

Sasa huyo mwenye kopo. Jina lake Trésor, karani wa kuhesabu nyumba, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, viatu vyake vinang'aa kuliko macho yake. Serikali ya mji ilikuwa imeamua kuzijua nyumba zake zote. Mashimo ya barabarani ilikuwa haijaamua kuyajua.

“Mbote, papa. Donc, hapa kwenu nyumba iko ngapi?”

“Moja. Si unaiona?”

Trésor akachora 47 kwenye ukuta wa Bavon, tarakimu kubwa, rangi ikachuruzika. Kisha akaielekeza brashi kwenye gari.

“Na hii?”

“Ile ni gari.”

“Gari iko na rideaux, na mapazia?”

“Ni gari ya bazungu. Yao iko vile.”

“Mutu anapika mule ndani?”

“Anapika.”

“Analala?”

“Analala.”

Trésor akatazama kamba iliyofungwa kutoka kioo cha gari hadi kwenye mpapai. Ilikuwa imebeba mashati mawili, gauni, na nguo za ndani za Papa Deneki ambazo mtaa mzima ulikuwa umeshazizoea. “Na kufua anafua. Bon. Mutu akipika, akilala, akifua fasi moja, ule anakaa. Na fasi mutu anakaa ni nyumba. Sasa, ni ya nani?”

Hapa inabidi ijulikane desturi moja ya wavuvi wa maporomoko, ambayo haijaandikwa popote. Mgeni akifunga pirogi yake, mtumbwi wake, kwenye mti wako, na mtu usiyemjua akaja kuuliza ni ya nani, husemi ni ya mgeni. Ukisema hivyo umeshampa kasia mkononi. Unasema: ni ya hapa. Ukishatamka neno hilo, hakuna atakayeigusa mpaka mwenyewe arudi. Bavon alilijifunza kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake, na halijawahi kumwangusha mtu.

“Ni ya hapa,” akajibu Bavon.

“Ya hapa kabisa?”

“Ya hapa. Ya kwetu. Mutu asiiguse.”

Trésor akaandika. Halafu akamwomba Bavon amshikie kopo, na Bavon, kwa adabu, akalishika. Karani akachora kwenye mlango wa gari, taratibu, kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa ukutani: 47 bis, yaani arobaini na saba ya pili. Mama Yitika akatoka na taulo kichwani, akaona, akacheka hadi akajishika tumbo, akapiga picha. Mumewe akasimama kando ya namba akatabasamu, naye akapigwa picha. Hata Bavon alipigwa, kopo mkononi.

Mama Bibiche peke yake hakucheka. Kisu chake kilikuwa kimesimama katikati ya samaki.

“Bavon, umesema nini kwa ule mutu?”

“Nimechunga bageni.”

“Umesema ni ya kwetu.”

“Njo vile tunasemaka.”

“Tunasemaka kwa bavuvi,” alisema Mama Bibiche. “Ule alikuja na nyavu? Alikuja na rangi.”

Siku ya tatu yake akaja kiongozi wa mtaa mwenyewe, chef Lukumani. Alikuwa na tumbo la mtu anayekaribishwa kila mahali, na daftari kubwa la kijani ambalo halikumtoka mkononi hata akisalimia. Alikikuta kiti cha kukunjwa cha Mama Yitika, cha kitambaa cha buluu, akakikalia bila kuambiwa, akakipenda. Akapewa kahawa. Akaongezewa.

“Nyumba mupya,” alisema, “inaomba kuandikwa. Chef wa familia?”

Papa Deneki, aliyekuwa na Kifaransa cha kusoma kwenye kitabu, akainua mkono kama mwanafunzi.

“Batu bangapi?”

“Wawili.”

“Paa?”

“Paa?” Papa Deneki akatazama juu. “Chuma.”

“Chuma,” akaandika chef kwa heshima. Nyumba nyingi za mtaa huo zilikuwa za majani. “Batoto?”

Papa Deneki akamtazama mkewe. “Mmoja. Alikufa.”

“Mwenye kufa hahesabiwi,” alisema Lukumani, akaandika sifuri. Wakati wa kura marehemu wa mtaa ule walihesabiwa vizuri sana, tena walipiga kura mapema, lakini hilo ni daftari lingine.

Mama Yitika alikuwa ameelewa. Aligeuza uso kuelekea mtoni. Mama Bibiche hakuwa na lugha ya kumsemesha. Alimvuta mkono, akamketisha kwenye kigoda, akampa kisu na samaki. Wakawa wanapara magamba wote wawili, bega kwa bega.

“Na choo?” aliuliza chef.

Papa Deneki akamwonyesha. Kilikuwa sanduku chini ya benchi, ukiinua mto wa kukalia unakiona, hatua moja kutoka kwenye jiko.

“Eh! Choo mbele ya sufuria! Batu ba Mputo, ba Ulaya!” Lukumani alipiga makofi, akawaita watu waje waone. Kisha akawafukuza, akafunga mlango na mapazia yote manne. Alikaa humo muda mrefu. Watu walisimama nje kwa unyamavu, kama wanaosubiri habari za mgonjwa. Alipotoka uso wake ulikuwa umelainika, na katika daftari aliandika: choo, kizuri sana.

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi kukagua. Mama Bibiche alianza kumpikia, kwa sababu chef hawezi kukagua na njaa. Alikula kwenye kiti cha buluu, akaondoka, na hakuwahi kuuliza samaki alitoka wapi.

Chuma cha Kampala kilifika siku ya thelathini na moja tangu gari life, kimefungwa kwenye gunia la maharagwe. Fundi akatumia siku mbili kukifunga kwenye gari. Gari likanguruma, watoto wa mtaa wakakimbia, na Papa Deneki akamkumbatia fundi akajichafua yeye mwenyewe. Viza yao ilikuwa imebakiza siku ishirini. Walikuwa wamepata nafasi kwenye barji, chombo cha mizigo kinachoshuka mto hadi Kinshasa, gari na watu. Mama Bibiche aliwapikia, akawaimbia, na walipotoka lopango alizitazama mbao zake kumi na mbili kama mtu anayemtazama mtoto aliyepona.

Saa mbili baadaye gari likarudi.

Pale bandarini afisa mmoja alilizunguka mara tatu, akasimama mbele ya mlango. “Hii ni nyumba,” akasema. “Namba ya mji iko hapa. Mimi napakia magari, napakia mbuzi, napakia mahindi. Nyumba sijapewa ruhusa ya kupakia. Leteni karatasi ya chef yenu.”

Papa Deneki akachukua petroli na kitambaa, akasugua mlango jasho likimtoka. Nyekundu ikawa waridi, lakini 47 bis ikabaki inasomeka. Trésor alikuwa akipita na kopo lake.

“Papa, unajichokesha bure,” akamwambia kwa huruma ya kweli. “Petroli haifikaki mu registre, mu daftari ya chef.”

Basi Bavon akaitwa ofisini, goti lake na yote, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema kwa kinywa chake kwamba nyumba ile ni ya hapa. Ofisi ya chef Lukumani ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kalenda ya miaka miwili nyuma, na benchi la kusubiria lenye mguu mmoja wa tofali. Akasubiri tangu asubuhi. Chef alikuwemo ndani, Bavon anamsikia akipiga simu na kucheka. Saa sita akaingizwa.

“Papa Bavon. Nyumba yenu inataka kusafiri.”

“Chef, ile si nyumba. Ni gari. Na wewe unajua.”

“Miye najua nini? Miye najua chenye kiko ndani ya daftari.” Akalifungua, akasoma: “Nyumba 47 bis. Paa chuma. Batu bawili. Choo kizuri sana. Umeshaona gari yenye iko na vile vyote?”

“Nimeona ile moja.”

“Alors! Usinisumbue. Nataka kukusaidia.” Chef akaandika karatasi, ulimi ukimtoka pembeni ya mdomo. “Nyumba inakwenda. Batu banakwenda. Namba inabaki pale pake, sababu namba ni ya État. Hawawezi kuiba namba ya État. Saini hapa.”

Bavon alizipenda sentensi hizo. Nyumba inakwenda, watu wanakwenda: ndilo alilolitaka. Na namba, alidhani, ni rangi. Serikali ikitaka kubaki na rangi yake, ibaki nayo. Akasaini kwa herufi tano kubwa, B, A, V, O, N, kama alivyofundishwa darasa la pili, ambalo ndilo lilikuwa la mwisho kwake.

Kesho yake barji iliondoka. Mama Yitika alilia kwenye shingo ya Mama Bibiche, akamwachia kiti cha buluu. Walisimama kando ya gari lao juu ya barji, wanapunga mikono, na ile namba ya waridi ilionekana mpaka kwenye kona ya mto.

“Ile karatasi ilisema nini?” Mama Bibiche aliuliza wakati wakirudi.

“Inasema banaweza kwenda.”

“Inasema ile tu?”

“Na namba inabaki.”

Mama Bibiche akasimama njiani. “Inabaki wapi, Bavon?”

Yeye akaendelea kutembea, akichechemea, kama mtu ambaye hakusikia.

Malewa ilisimama Jumatatu, wiki mbili baadaye. Miti minne, mbao kumi na mbili, paa la majani mapya ambayo bado yalinuka msitu. Jumanne Mama Bibiche aliuza sahani saba. Jumatano kumi na tano, na dereva mmoja wa pikipiki akasema pondu ile inaweza kumfanya mtu asamehe. Jumatano jioni Bavon alisuka kikapu huku akiimba, jambo ambalo goti lake lilikuwa limemnyima kwa mwaka mzima.

Alhamisi akaja bwana mmoja aitwaye Patrice, shemeji yake chef Lukumani, kwa kuwa chef alikuwa amemwoa dada yake Patrice. Alikuja na kamba, vigingi vinne na karatasi ndani ya plastiki. Hakusalimia. Aliwaambia wateja wasogeze miguu, akapigilia kigingi cha kwanza kando ya benchi.

“Papa, unafunga mbuzi?” aliuliza Mama Bibiche.

“Napima parcelle yangu, lopango yangu, mama. 47 bis.”

“47 bis ilipanda barji.”

“Nyumba ilipanda. Parcelle iko hapa. Mwenye kukaa amehama, fasi ikabaki wazi, État imenipa.” Akainyoosha kamba. Ilipita juu ya jiko. “Matofali yangu inakuja Jumatatu. Hii kitu yenu mutoe kabla.”

Bavon akasimama bila fimbo. “Hii ni lopango ya baba yangu! Muulize mutu yeyote hapa!”

“Midomo ya batu haiandikake, papa. Karatasi iko wapi?”

Hakukuwa na karatasi. Kwenye maporomoko kila ukoo una mawe yake, na hakuna jiwe lenye karatasi, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyevua kwenye jiwe la mwenzake. Bavon alikuwa amedhani nchi kavu nayo ina aibu kama hiyo.

Akaenda ofisini siku hiyohiyo. Benchi lenye mguu wa tofali. Alipoingizwa alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini chef aligeuza tu daftari la kijani, akaweka kidole.

“Soma.”

“Macho hayaoni vizuri,” alisema Bavon, ambaye macho yake yalikuwa mazima.

“Basi mi nitasoma. ‘Papa Bavon amesema, ni ya hapa, ya kwetu.’ Ulisema ao hukusema?”

“Nilisema juu ya kuichunga.”

“‘Namba inabaki pale pake.’ Hii saini ni ya nani? Bi, a, vi, o, en.” Chef akafunga daftari. “Papa, mi nakuheshimu. Wewe mwenyewe uliandikisha nyumba, wewe mwenyewe ulisaini nyumba ikahama. Sasa unakuja kulia kwangu kwamba nyumba haikuwako. Unataka nimwambie État ni muongo?”

Bavon akarudi nyumbani. Aliketi, akachukua kikapu, akakisuka vibaya, akakifumua. Mama Bibiche alimtazama, akaelewa yote. Wengine wangempigia kelele, na angekuwa na haki. Alimletea maji ya uvuguvugu ya goti.

“Ulishika na kopo,” alisema, akimkanda.

“Nilishika.”

“Kwa mikono mbili.”

“Lilikuwa zito, Bibiche.”

Akacheka kidogo, halafu akaacha. “Jumatatu nitapika kama kawaida,” alisema. “Balete matofali. Bajengee juu ya sufuria yangu.”

Jumamosi simu ya mpwa wao ikalia. Ilikuwa picha kutoka kwa Mama Yitika. Gari jeupe limesimama kwenye mchanga, nyuma yake bahari, na kwenye mlango ile 47 bis ya waridi. Wazee wawili wanacheka. Maneno chini: Angola, tuko salama, tunawakumbuka, nyumba yetu inawasalimu.

Mama Bibiche aliitazama sana. Kisha akamwomba mpwa amwachie simu hadi Jumatatu.

Jumatatu matofali yakaja, lori zima, yakamwagwa kando ya barabara vumbi likaingia kwenye pondu. Patrice akaja na mafundi wawili. Mama Bibiche alikuwa ameketi katikati ya vigingi vinne, sufuria tatu zikichemka, wateja kumi na mmoja wamebanana kwenye benchi mbili na hakuna aliyenyanyuka. Mafundi walitazama sufuria, wakamtazama Patrice, wakauliza kama wanaweza kula kwanza. Patrice akaenda kumwita shemeji yake.

Chef Lukumani alifika na daftari kwapani. Alikuwa amekuja kufukuza. Lakini ilikuwa saa saba, na samaki alikuwa wa mchuzi wa mawese, na kiti cha buluu kilikuwa pale pale kilipokuwa kila asubuhi. Mwili una mazoea yake. Akaketi.

“Mama Bibiche, hii mambo tuimalize leo.”

“Tutaimaliza, chef. Kula kwanza.”

Akamwekea sahani. Chef akaliweka daftari chini, kwenye vumbi, kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, kwa kuwa chikwange inataka mikono miwili. Alipomeza matonge matatu Mama Bibiche akampelekea simu mbele ya uso.

“Soma namba, chef.”

Lukumani akatazama bahari, mchanga, mlango. Akatafuna. “47 bis,” alisema.

“Iko wapi?”

“Inasema... Angola.”

“Bon. Patrice na kamba yake anaondoka lini kwenda kuipima kule?”

Benchi zote mbili zikalipuka kwa kicheko. Dereva wa pikipiki akapiga meza. Hata fundi mmoja wa Patrice alicheka, akajifanya amekabwa na mwiba. Chef naye akatabasamu nusu, kama mtu anayejaribu kiatu, kisha akalivua lile tabasamu.

“Picha haiko karatasi, mama.”

“Najua.” Aliichukua simu, akaifuta mafuta kwa kitenge. Bavon alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba namba 47, mkono mmoja ukutani, juu ya rangi iliyochuruzika. Lile neno lake la zamani lilikuwa limemfika mdomoni, ni ya hapa, ni ya kwetu, na safari hii lilikuwa la kweli, na hakuthubutu kulitamka.

Chef akanyoosha sahani aongezewe mchuzi. Mama Bibiche hakuichukua. Wateja wakaacha kutafuna.

“Siku zote ulikula hapa kwangu bure, sikusema kitu,” alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mama anayeuza chakula. “Leo utalipa kama batu bote. Bavon aliulizwa ni ya nani, akajibu, mukaandika; leo nakuuliza wewe. Niambie tu, chef, mbele ya hawa: hapa penye umekalia, napokea pesa yako kwa lopango ya nani?”